Mungu Amekusamehe Deni la Nani?

Juzi Jumamosi nilikuwa kwa mat, natoka Ruiru naenda kwa mathe Thika. Tukifika Juja akapanda mhubiri. Mnawajua: suti imepauka, Biblia ya zipu, sauti ya mtu ambaye amehubiri tangu alfajiri. Akatuambia bila kuzunguka kwamba kama si hofu ya Mungu, kila mtu ndani ya hiyo gari angekuwa mwizi. Watu wakaitika amina. Hata mimi mdomo ulifunguka, mazoea tu.

Lakini wakati huohuo kulikuwa na kitu kingine kinaendelea, na hakuna aliyekiona juu tumekizoea. Msee wa kiti cha nyuma alikuwa ametoa mia tano ya nauli. Noti ikapita kwa mama mwenye mtoto, ikaenda kwa kijana wa hedifoni, ikafika kwa jamaa wa kilemba, Mkorino, halafu makanga. Chenji ikarudi kwa njia ileile, mkono kwa mkono. Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyeuliza nani ni wa PCEA, nani ni Mkatoliki, na nani hajaona ndani ya kanisa tangu abatizwe. Kijana wa hedifoni hata hakuinua macho. Pesa ilimfikia mwenyewe ikiwa kamili.

Sasa, hiyo mahubiri ilinichoma kwa sababu moja. Ndani ya hiyo mat kulikuwa na mwizi, na ni mimi. Siongei kwa mafumbo. Niliiba, tena niliiba nikiwa nimeokoka.

Ilikuwa 2022, niko mwaka wa pili kampasi, naishi kwa ploti moja huko Kihunguro. Asubuhi simu ikalia meseji ya M-Pesa: nimepokea shilingi 3,200 kutoka kwa mama fulani, jina silijui. Kabla sijamaliza kusoma, meseji ya pili: Fuliza imekata 1,140 ya deni langu. Dakika tatu hivi, simu ikaanza kuita. Namba ni ileile ya meseji. Sikushika. Ikaita tena. Nikavaa ndara nikakimbia kwa ajenti, nikatoa 2,000 yote, juu nilijua huyo mama akishapeleka meseji yake kwa 456 wataangalia kama pesa bado iko. Nilikimbia, wasee. Mtu akisema alipitiwa na shetani, mimi nitasema shetani wangu alikuwa na akili ya kujua 456 inafanya kazi vipi.

Akanitumia meseji: "Kijana tafadhali hiyo pesa si yangu." Nikamblok.

Wiki mbili nikakosa usingizi. Sijui mnajua hiyo hali, unakula chapo na haina ladha. Kwa hivyo Ijumaa moja nikaenda kesha, nikaenda mbele, nikalia machozi ya ukweli. Sikusema nimefanya nini, nilisema tu nimeanguka. Pasta akaniwekea mikono, akaomba, akaniambia nimesamehewa na nisiangalie nyuma, kwa sababu anayemkumbusha mtu dhambi za zamani ni shetani. Nikahisi wepesi ambao sijawahi kuhisi. Nikatoa sadaka ya mia mbili. Mnajua hiyo mia mbili ilitoka wapi.

Nikalala kama mtoto. Yule mama sijui alilala vipi.

Hii ndiyo vita yangu leo. Vita yangu na Mungu haipo. Mimi bado naamini, na kama uko Ruiru utanipata Jumapili mbili kati ya nne nimekaa kiti cha nyuma. Ninapigana na huu mtindo wetu wa kumfanya Mungu ofisi ya kufutia madeni ambayo si yake. Nilichukua pesa ya mama mmoja, nikaenda kuombea msamaha kwa mwingine, tena nikapewa. Hebu fikiria ukope kwa duka la Wanjiru halafu uende ukapige magoti kwa duka la Otieno, Otieno akwambie "usijali, limeisha." Otieno ni mtu poa. Lakini Wanjiru bado anaangalia kitabu chake cha madeni.

Kwanza tumalize hili la "bila Mungu hakuna maadili," juu linanichosha. Kenya hatujawahi kukosa Mungu. Katiba ya 2010 inamtaja kwenye utangulizi wake kabla ifike kipengele cha kwanza. Wimbo wa taifa ni sala. Bunge linafunguliwa kwa sala, halafu wanaanza kazi yao mnayoijua. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47 na nusu. Kama asilimia 85 ni Wakristo na kama 11 ni Waislamu. Waliosema hawana dini walikuwa kama laki saba na nusu. Hao laki saba na nusu hata wangeiba usiku na mchana, kwa zamu, hawangeweza kumaliza pesa za umma vile zimeisha. Na bado 2016, chama cha wasioamini kiliposajiliwa, serikali ilisimamisha usajili mwaka huohuo, eti kuna wasiwasi wa umma. Ufisadi haujawahi kusimamishwa hivyo haraka.

Kwenye orodha ya 2024 ya Transparency International, inayopima vile watu wanaona ufisadi, Kenya ilipata alama 32 kwa 100. Denmark 90. Najua kuna mtu tayari anaandika "ona sasa, nchi za wapagani." Tulia. Denmark imekuwa na kanisa la Kilutheri la dola tangu 1536 na bendera yao ina msalaba. Hizo namba haziwapi ushindi nyinyi mnaoamini wala nyinyi msioamini. Zinaonyesha tu kwamba kujua mtu anaomba wapi hakukwambii kama atarudisha chenji.

Na hili swali ni la zamani kuliko kanisa lenyewe. Plato ana kitabu kifupi kinaitwa Euthyphro, ambamo Socrates anamuuliza jamaa mmoja mcha miungu: jambo jema ni jema kwa sababu miungu wanalipenda, ama wanalipenda kwa sababu ni jema? Yule jamaa anazungushwa mpaka anakumbuka ana haraka ya kwenda mahali. Mimi kwa nduthi ningeuliza hivi: kama kesho Mungu angekwambia kuiba pesa ya yule mama ni sawa, ingekuwa sawa? Kama tumbo lako limesema hapana, basi unajua ubaya wake bila kungoja tangazo.

Sasa nyinyi mabeshte wangu mlioacha kanisa, nimewaona mkicheka huko. Ngojeni, zamu yenu imefika.

Nilipomwambia mmoja wenu hii stori, tukiwa Kamakis mbele ya nyama, alinijibu nini? Ati hatia ni mnyororo nilifungwa nikiwa Sande skuli, ati nikishaelewa hakuna wa kunihukumu juu mbinguni nitakuwa huru. Yaani yeye na yule pasta wanavaa tofauti lakini dawa yao ni moja: jisikie vizuri, songa mbele. Mmoja anatumia maombi, mwingine anatumia podikasti. Na wote wawili hawakuuliza huyo mama alikuwa nani.

Nakubali, kuna hatia ya uongo, na dini zimeiuza kwa bei ya juu. Nina rafiki msichana alitolewa nje ya kanisa huku Thika kwa sababu ya suruali, akakaa mwaka mzima akijiona mchafu. Mimi mwenyewe niliwahi kulia juu sikutoa fungu la kumi la pesa ambayo sikuwa nayo. Na hatia ya uongo inaua. Shakahola, Kilifi, Aprili 2023: watu walianza kufukuliwa msituni, na hesabu ikapita miili 400, wengi wakiwa watoto, watu walioaminishwa kwamba kula ni kizuizi kati yao na Yesu. Hapo hakuna cha kuongeza.

Lakini kwa sababu kuna noti feki, huchomi noti zote. Kipimo changu ni cha kijinga na kinafanya kazi: nauliza aliyeumia ni nani, na ana namba ya simu? Suruali ya yule rafiki yangu haikumuumiza mtu yeyote anayeweza kupigiwa. Yangu ilikuwa na namba kumi, na ilianza na 07.

Lugha yetu imejua hili kitambo. Tunasema "dhamiri inanisuta." Kusuta, kwa Waswahili wa Pwani, ni kazi ya watu. Ukisema neno baya juu ya mtu, wanakuja kwako, wanasimama mlangoni, wanakwambia hadharani ulisema nini na kwa nani. Dhamiri ni mtu kama huyo, amekuja kwa niaba ya mwingine. Ukimfukuza mlangoni ukalala, aliyemtuma bado yuko kwake na shida yake.

Shosh yangu ni wa Gatanga, amepitia miaka mingi kuliko barabara zote za Kiambu, na ananicheka nikileta haya mambo kama ugunduzi. Wazee wa Agikuyu walikuwa na thahu, ule uchafu unaomshika mtu kwa jambo fulani alilofanya ama lililompata. Thahu ilitolewa kwa tambiko, mundu mugo akihusika. Lakini ukiua mtu, kutakaswa hakukufuta fidia. Jomo Kenyatta ameandika kwenye Facing Mount Kenya, kitabu cha 1938, kwamba fidia ya mwanamume ilikuwa mbuzi ama kondoo 100, na ya mwanamke 30. (Ndio, 30. Shosh pia hakufurahi.) Hizo mbuzi zilienda kwa watu wa marehemu. Mwenye damu mikononi hangeweza kwenda kwa mundu mugo, atapishwe thahu, arudi nyumbani aseme mambo yameisha huku watu wa marehemu wanamwangalia.

Halafu kukaja wahonoki, wale waliookoka wa uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukafika Kenya 1937. Siku hizi tunawakumbuka kama wazee wakali wasiovaa bangili. Tumesahau sehemu ngumu ya wokovu wao: walikuwa wanarudisha. Mtu akiokoka, alisimama mbele ya watu akataja alichoiba na alimwibia nani, halafu akakibeba akakipeleka. Shosh anamkumbuka jirani aliyekuja kwao na jembe begani, jembe ambalo babake shosh alikuwa amelilaumia mtu mwingine kabisa kwa miaka. Nilimuuliza, babako alifanya nini? Akasema, "Alienda kwa huyo mtu mwingine." Hiyo nimeifikiria sana. Jembe moja liliwatembeza wanaume wawili.

Kwa hivyo usiniambie hii ni mambo ya wazungu na falsafa zao. Hata Biblia ya zipu inayo. Zakayo alishuka mtini akaahidi kurudisha mara nne. Na Yesu kwenye Mathayo anafundisha kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno na wewe, uiache hapo, uende kwake kwanza. Kwanza! Mimi nilifanya kinyume, niliacha mtu nikapeleka sadaka. Na jirani yangu wa Kihunguro, Mwislamu, aliniambia kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi: kwetu toba ya pesa ya mtu haikamiliki mpaka umrudishie mwenyewe ama akusamehe mwenyewe, hata uswali mpaka paji la uso lichubuke.

Mafundisho yako, basi. Kwa nini hatuyasikii Jumapili? Nadhani ni juu yanatisha wenye pesa. Hebu fikiria mahubiri ya kurudisha yakihubiriwa kila Jumapili kutoka Githurai mpaka Makongeni. Viti vya mbele vitabaki tupu. Machi 2025 rais alitangaza milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, hapo kando ya hii barabara yetu, na vijana walipojaribu kuandamana Jumapili iliyofuata walirushiwa vitoa machozi. Sasa weka hiyo kando ya Novemba 2024. Rais alikuwa ametoa mchango kwa kanisa la Kikatoliki la Soweto, Kayole, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Mimi si Mkatoliki, na sina haja ya kumpamba askofu yeyote. Lakini hiyo siku nilikuwa nimelala kitandani kwangu nikisoma hiyo habari kwa simu, na neno moja likanikaba: zirudishwe. Niliona kumbe inawezekana. Kumbe mtu anaweza kupokea pesa, akakaa, akaona si sawa, akazirudisha, na mbingu isianguke.

Ilinichukua miezi mingine minne. Msinipigie makofi.

Kuna watakaosema, lakini wewe Mungu alikuwa ameshakusamehe, unajisumbua nini? Labda alinisamehe. Hiyo ni kati yangu na yeye na siifungui hapa. Ninachojua ni kwamba msamaha wake, kama ulikuja, haukuingia kwa simu ya yule mama. Haukusema "umepokea."

Nilimpigia Alhamisi, saa kumi jioni. Namba bado ilikuwa kwenye orodha ya waliozuiwa, peke yake na za watu wa mikopo ya mtandaoni. Akashika. Nikamwambia jina langu, na kabla sijaeleza chochote akanyamaza. Alikuwa analijua. Meseji ya M-Pesa huandika jina la mpokeaji, na mimi sikuwahi kufikiria hiyo inamaanisha nini kwa upande wa pili.

Akanieleza taratibu, bila hasira, kama mtu anayesimulia kitu alichokisimulia mara nyingi na hakuna aliyeamini. Alikuwa mweka hazina wa chama cha kina mama huko Kiganjo, Thika. Ile 3,200 ilikuwa zamu ya mwanachama mmoja. Alikosea tarakimu moja. Alipowaonyesha wenzake meseji ili waone imeenda kwa mtu asiyemjua, walisoma jina, wakaona ni la kijana, wakasema huyo ni mtu wake, wamekula pamoja. Akalipa kutoka mfukoni mwake, mia nne mia nne, kwa wiki nane. Walimtoa kwenye uweka hazina hata hivyo. Mumewe naye alikuwa na swali lake kuhusu hilo jina, na aliliuliza kwa muda mrefu.

Mimi kwa hiyo miaka karibu mitatu nilikuwa napita na mat Thika kila mwisho wa mwezi, nimesamehewa, nasikiliza ngoma.

Nikamwambia nataka kumtumia 3,200, na zaidi kama atakubali. Akasema zaidi hataki, atume nini kwa watu wakiuliza imetoka wapi. Nikatuma. Nikasikia simu yake ikilia upande wa pili. Hakusema "Mungu akubariki," na sikungoja aseme. Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema hilo ataliangalia.

Halafu akaniomba kitu kimoja. Akasema, "Niandikie meseji. Andika vile umeniambia, kwamba hukunijua. Uweke jina lako lote, niwaonyeshe."

Nikaandika. Mara ya kwanza niliweka "kwa bahati mbaya" nikaifuta, nikaandika kwamba niliiba. Nikaweka tarehe. Dakika kumi baadaye akajibu: andika tena, uongeze jina la ploti na mahali ulitoa pesa, mume wangu ataenda kuuliza.

Nikaongeza.